Kunguru, Nyani na Adabu ya Ulinzi

Katika kazi nyingi alizozifanya mwanadamu tangu alipojifunza kupanda mbegu na kuanika mavuno yake juani, sijui kama ipo iliyodharauliwa kuliko kazi ya kuketi kando ya chakula na kukilinda. Kwa maana mkulima husifiwa kwa jembe lake, mvuvi kwa wavu wake na mpishi kwa chungu chake, lakini yule aliyekaa tangu alfajiri hadi magharibi, akiwatazama ndege na nyani ambao nao wanamtazama yeye, huhesabiwa kuwa mtu aliyepumzika. Kwa sababu ya dharau hiyo kazi hii aghalabu huachiwa watoto, ambao hawana sauti ya kuikataa, na wazee, ambao hawana nguvu ya kufanya nyingine. Mimi nilikuwa katika watoto hao huko Mboko, chini ya mkono wa bibi yangu aliyekuwa katika wazee hao, na yote niliyoyaona baadaye, nyumbani na ugenini, yamenithibitishia kwamba mlinzi wa chakula anafanya kazi ya akili mbele ya viumbe waliojaliwa akili, na kwamba mwenye kuingia katika kazi hiyo akidhani anapambana na wajinga hatavuna kitu.

Mboko iko katika nchi ya Fizi, mashariki ya Kongo, kando ya barabara itokayo Uvira kwenda Baraka, mahali ambapo milima ya Mitumba imelisogelea ziwa la Tanganyika hata baina yao pamebaki ukanda mwembamba wa ardhi tambarare. Katika ukanda huo zimo nyumba, makanisa, shule na soko, imo michikichi itoayo mawese, imo mihogo, umo mpunga penye unyevu, na upo ufuko wa mchanga ambapo mitumbwi hupandishwa. Asimamaye katikati huona mlima upande wa magharibi na maji upande wa mashariki, na akiwa mtu wa kutafakari hufahamu mara moja kwamba riziki yake imewekwa baina ya makundi mawili ya wageni wasioalikwa: wa mlimani, ambao ni nyani, tumbili na nguruwe mwitu, na wa angani, ambao ni kunguru, mwewe na ndege wadogo wapendao nafaka.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na duniani kote hushindwa na ziwa Baikal la Urusi peke yake. Walakini riziki ya watu wa pwani yake haikuwekwa vilindini, bali huogelea katika maji ya juu, nayo ni ndagala, samaki wadogo ambao ndugu zetu wa Kigoma huwaita dagaa. Usiku wa giza wavuvi waliwasha karabai zao mbali na ufuko, ndagala wakaufuata mwanga, nao wakatekwa kwa wavu. Mwezi ulipokuwa mpevu mwanga wa taa ulipotea ndani ya mwanga wa mbingu, na vyombo vikakaa nchi kavu. Kwa hiyo kazi ya kuanika ilikuja kwa vipindi, na katika asubuhi za vipindi hivyo akina mama waliteremka ufukoni na mabeseni, wakanunua, wakatandaza samaki juu ya mchanga na juu ya mawe, wakamwomba Mwenyezi Mungu jua. Ndagala mbichi ni maji kwa kiasi cha robo tatu ya uzito wake. Jua la siku moja likimkausha vizuri huwa mali itakayovuka milima hadi masoko ya mbali, na likimkosa huoza kabla ya siku ya pili kwisha. Siku hiyo moja ndiyo iliyobeba karo ya mtoto, chumvi ya nyumba na deni la mvuvi, nayo ndiyo siku ambayo kunguru walikuwa wakiingojea.

Kunguru wa kwetu ni yule mweusi mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe, ambaye ameenea karibu Afrika yote iliyo kusini ya Sahara. Yeye hakuja kwa pupa. Kwanza alitua juu ya mchikichi au juu ya paa, akatazama ni nani aliyeketi, ana nini mkononi, na samaki wametandazwa kwa upana gani. Kama mlinzi alikuwa mtoto apigaye kelele bila kuinuka, kunguru alilifahamu hilo kabla jua halijapanda, akatua hatua chache kutoka kwake. Na kama alikuwa mtu ambaye jiwe lake hufika, kunguru yule yule alikaa mbali asubuhi nzima. Mara nyingi walikuja wawili: mmoja akatua kwenye ncha ya safu ya samaki, akamlazimisha mlinzi ainuke na kumwendea, na mwenzake akashuka nyuma ya mgongo wa mlinzi akachota kwa raha. Waliposhiba hawakuacha, walichukua tena, wakafukia mchangani au wakachomeka ndani ya nyasi za paa, wakajiwekea akiba. Watu husema kwamba mwoga kunguru hukimbiza ubawa wake, na mithali hiyo nimeiona ikitimia mara nyingi. Lakini woga wa kunguru ni hesabu, maana hakimbii kila kitu, hukimbia kile tu ambacho amekwisha kupima kuwa kinaweza kumdhuru.

Bibi yangu aliijua hesabu hiyo. Ndagala wake hakuwatandaza kwa upana kama walivyofanya wengine, bali aliwapanga katika safu nyembamba zisizopita urefu wa fimbo yake, na baina ya safu na safu akaacha njia ya kupita mguu, ili pasiwe na samaki asiyefikiwa na mkono wa mlinzi. Jirani zetu walisimamisha sanamu: miti miwili iliyofungwa msalaba, ikavikwa shati kuukuu na kofia. Siku ya kwanza kunguru hawakukaribia. Siku zilizofuata walitua kando wakaitazama. Na kabla ya juma kwisha mmoja wao alikuwa amekaa juu ya ile kofia, akichagua kutoka huko juu ni samaki gani wa kuanza naye. Bibi naye alikuwa na sanamu yake, lakini hakuisimamisha; aliiketisha juu ya kigoda, akaivika kitenge kile kile alichozoea kujitanda yeye. Asubuhi moja sanamu ilikaa pale na bibi akawa jikoni. Asubuhi nyingine sanamu iliondolewa alfajiri na bibi mwenyewe akaketi juu ya kigoda hicho, amejitanda kitenge hicho, kimya, bila kutikisa hata kidole, mpaka kunguru aliyejiamini akafika karibu ya miguu yake. Hapo kilichodhaniwa kuwa kitambaa kikainuka na fimbo. Kunguru wa ufuko ule hawakupata kamwe kujua ni siku gani kigodani pana mtu na siku gani pana kuni, na kwa kuwa hawakujua, waliheshimu siku zote.

Nilimwuliza siku moja, "Bibi, mbona sanamu ya jirani inakaliwa kichwani, na yako inaogopwa?" Akanijibu bila kuinua macho yake kutoka kwa samaki aliokuwa akiwageuza, "Mjukuu wangu, kunguru haogopi nguo, anaogopa asichokijua. Ukimwekea kitu kimoja siku zote, umemsomesha. Na ukisha kumsomesha, usimlaumu kwa kuwa amesoma."

Nimeishi na maneno hayo miaka mingi, nami sijapata kusoma katika kitabu chochote maelezo bora zaidi ya ulinzi. Kila kizuizi tunachokiweka mbele ya kiumbe mwenye akili ni somo tunalompa, na kizuizi kisichobadilika ni somo jepesi ambalo atalihitimu upesi. Kitisho kisichofuatwa na tendo hufundisha kwamba mwenye kitisho hana nguvu. Kelele zisizo na jiwe hufundisha kwamba kelele ni upepo. Ila uwepo wa mtu aliye macho, ambaye leo yuko hapa na kesho yuko pale, hauna mtaala wa kukariri. Na ndiyo maana wazee wetu, ambao hawakukosa miti wala kamba za kutengeneza mitego, waliuweka ulinzi wao hasa juu ya mtu.

Upande wa mlima kazi ilikuwa ile ile, lakini mwanafunzi wake alikuwa mkubwa zaidi. Mpunga na mahindi yalipoanza kukomaa, sisi watoto tulipelekwa kuamia, tukakaa juu ya dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mimea, tukiwa na kombeo, vipande vya debe vya kugonga, na koo zetu. Ndege wa nafaka walikuja kwa makundi asubuhi na jioni, nao walitaka mbio na kelele. Nyani walikuja wakati wowote, nao walitaka fikira. Kundi la nyani halikuteremka lote pamoja. Dume kubwa liliketi juu ya mwamba ukingoni mwa shamba, likatazama. Vijana wawili watatu wakaingia kimya kimya upande ambao dungu halikuelekea. Na mlinzi alipowafukuza hao, wengine wakaingia mahali alipotoka. Walijua tofauti ya mtoto na mtu mzima, na ya mwanamke na mwanamume mwenye mkuki, hata mama zetu walipokuwa zamu walivaa makoti ya waume zao. Sijashangaa basi kuona kwamba watafiti waliofanya kazi kandokando ya msitu wa Budongo huko Uganda, mmoja wao akiwa Catherine Hill, waliwakuta wakulima wakilalamikia nyani kuliko karibu wanyama wengine wote, na mashamba yaliyopakana na msitu yakiumia kuliko yaliyo mbali. Waswahili wamesema nyani mzee amekwepa mishale mingi, nami naongeza kwamba kila mshale alioukwepa umemwachia elimu, na elimu hiyo huwarithisha wanawe wanaomfuata shambani.

Mbinu moja ya wazee wetu haikuhitaji dungu wala kombeo, nayo ilikuwa kupanda mihogo michungu kwenye ukingo wa mlima na kuiweka mitamu karibu na nyumba. Nyani na nguruwe mwitu huufahamu uchungu ule, na wakipewa hiari hupita. Lakini uchungu huo ni sumu, na sumu haichagui baina ya mwizi na mwenye mali. Muhogo mchungu sharti ulowekwe majini siku kadhaa mpaka ulainike, uanikwe mpaka ukauke, ndipo utwangwe kuwa unga. Penye njaa au vita, watu wanapoharakisha kazi hiyo na kula muhogo uliolowekwa kwa haraka bila kitoweo cha kutosha, huja ugonjwa uitwao konzo, ambao hupooza miguu ya watoto na akina mama kwa ghafula na kuiacha hivyo maisha yote. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938 baada ya kuonekana Kwango, magharibi ya nchi yetu, na tangu hapo umeonekana katika majimbo mengine. Hapa pana funzo ambalo kijana asiliache lipite: kila kufuli lina gharama yake, na mwenye kuweka kufuli la sumu amejitwalia wajibu wa kuwa mwangalifu kuliko alivyokuwa kabla ya kuliweka. Bibi yangu alipanda mihogo michungu, lakini hakumruhusu mtu yeyote nyumbani mwake kupunguza hata siku moja ya kuiloweka.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1996 watu wa Fizi walivuka ziwa kwa mitumbwi na maboti, wengi wakapokewa Kigoma na kupelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huo huo katika wilaya ya Kasulu, na mimi na jamaa zangu tulikuwa miongoni mwao. Siandiki hapa habari za huzuni ya safari ile, kwa kuwa ina kitabu chake. Nitataja jambo moja tu ambalo ugeni ulinifunulia. Kaskazini ya Kigoma, upande wa pili wa ziwa lile lile tulilolizoea, iko Gombe, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Nami kambini, ambako muda ulikuwa mwingi na vitabu vichache, nilisoma habari za Gombe kwa hamu ya mtu asomaye habari za jirani yake.

Sokwe dume aliyepewa jina la David Greybeard, kwa sababu ya ndevu zake za kijivu, aliingia kambi ya Goodall akitafuta tunda la mchikichi, ule ule mti unaosimama nyuma ya kila nyumba ya Mboko, akaona ndizi mezani akazichukua. Goodall, ambaye kwa miezi mingi alikuwa hajaweza kuwakaribia sokwe, alifurahi, akawa anaacha ndizi makusudi ili awaone kwa karibu. Na kwa hakika ndizi hizo zilimpa maarifa ambayo dunia haikuwa nayo. Lakini David akawaleta wengine, wengine wakawaleta wengine, na nyuma yao wakaja nyani kwa kundi. Ikawa lazima kuzilinda ndizi dhidi ya wale wale walioalikwa kuzila. Yakatengenezwa masanduku ya saruji yaliyofukiwa ardhini, yenye vifuniko vya chuma vilivyoshikwa kwa waya na kufunguliwa kwa mtambo uliokuwa mbali kidogo. Sokwe wakafukua. Waya zikapitishwa ndani ya mabomba. Wakafukua mabomba. Na baadhi ya vijana wao, ambao mashuhuri kati yao ni Figan, wakajifunza kufungua vile vifungo vya mtambo kwa vidole vyao wenyewe, wakangoja wakubwa wasipokuwa karibu ndipo wavifungue. Figan huyo alipokua alikuja kuwa mkubwa wa jamii yake.

Nilipoyasoma hayo nilisikia sauti ya bibi yangu katika kila ukurasa. Wataalamu wenye saruji na chuma walikuwa wamefika pale pale alipofika jirani yetu mwenye shati kuukuu: waliweka kizuizi, mwanafunzi akakisoma, wakaweka kingine, akakisoma tena. Tena jambo zito zaidi kuliko ndizi zilizopotea lilikuwa mabadiliko ya tabia, kwani sokwe na nyani waliosongamana mahali pamoja kungojea chakula waligombana zaidi, na mtafiti Richard Wrangham aliandika habari hiyo mwaka 1974 akionyesha kwamba ulishaji ule uliongeza ugomvi. Gombe ilipata dawa yake si katika sanduku lililo imara zaidi, bali katika kupunguza ndizi, kuzitoa bila utaratibu wa kutazamiwa, na hatimaye, mwaka 2000, kuacha kuzitoa kabisa. Kwa maneno mengine, mwalimu aliacha kufundisha somo ambalo hakutaka mwanafunzi wake alijue. Nataja habari hii kwa heshima, maana Goodall na wenzake, Watanzania wengi wakiwamo, waliitazama kazi yao kwa insafu na wakaiandika wazi ili wengine tunufaike.

Unguja nako kuna ushahidi wa namna hii. Mwishoni mwa karne ya 19 waliletwa kisiwani kunguru wa Kihindi, wenye shingo ya kijivu, kwa tumaini la kwamba watasafisha taka za mji. Walizila taka, wakazaliana, wakaanza kula vifaranga na mayai ya ndege wa kienyeji na kunyang'anya chakula njiani, kisha wakavuka bahari wakaenea Tanzania bara na pwani ya Kenya. Katika miaka ya 1990 walipigwa vita kwa mitego na sumu, wakapungua sana. Juhudi zilipolegea wakarudi, kwa sababu taka zilizowalisha zilikuwa bado zimejaa. Hakuna hila wala jeuri iwezayo kushinda meza iliyoachwa wazi kila siku. Mtu anayemwua mwizi na kuiacha meza hajamaliza wizi, amemfanyia nafasi mwizi mwingine.

Safari za kurudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka zilianza mwaka 2005, na nyumba kwa nyumba watu wakaanza kurejea katika ukanda wao. Tulikuta michikichi imezungukwa na vichaka, na mashamba ya mguu wa mlima yamegeuka msitu mdogo. Na nyani, ambao kwa miaka mingi hawakumwona mlinzi, waliteremka hadi karibu na barabara wakatutazama kama tulivyokuwa tukiwatazama wao zamani, wakijiuliza sisi ni watu wa namna gani. Miaka hiyo ya utupu ilikuwa imewafundisha somo moja kubwa, ya kwamba shamba halina mwenyewe. Kulifuta somo hilo kulichukua misimu kadhaa, na hakukuwezekana kwa mtu mmoja mmoja. Kila mkulima aliyelima peke yake kwenye ukingo alilishwa hasara, na aliyefanikiwa kuwafukuza nyani aliwasukuma tu shambani kwa jirani, akavuna kinyongo badala ya mahindi. Hatimaye wazee wakakubaliana kama walivyokuwa wakikubaliana babu zao: mashamba yakalimwa kwa kupakana, si kwa kutawanyika, mbegu zikapandwa kwa wakati mmoja ili nafaka ikomae pamoja na ndege wasiwe na shamba moja la kulimaliza, na ulinzi ukawa wa zamu, kila nyumba ikitoa mtu mzima kwa siku zake. Mavuno yakaanza kubaki.

Katika makubaliano hayo lilisemwa jambo ambalo nalithamini kuliko yote. Mama mmoja mjane alisimama akasema, "Baba zangu, mkitaka niwape mwanangu akae dunguni nitawapa, lakini niambieni nani atamfundisha kusoma siku hizo." Baraza likanyamaza, kisha likaamua kwamba mtoto wa shule asipangiwe zamu saa za masomo, na kwamba nyumba isiyo na mtu mzima mwenye nguvu italindiwa na wengine, nayo itarudisha hisani kwa kazi iwezayo. Mimi niliyekaa juu ya dungu huku kengele ya shule ikilia chini ya mlima najua thamani ya uamuzi ule. Akili niliyoipata kwa kuwatazama nyani siikani, lakini mtoto hapaswi kulipa kwa elimu yake gharama ya chakula ambacho kijiji kizima kinakila.

Siku hizi mambo ya ufukoni nayo yamebadilika. Katika miaka iliyoanzia 2020 ziwa lilipanda kupita desturi, likameza fukwe na nyumba kuanzia Bujumbura na Uvira hadi Baraka, na wauzaji wengi wa ndagala waliopoteza mchanga wao wamehamishia kazi uani, wakianika juu ya vichanja vya miti na wavu vilivyoinuliwa kutoka chini. Vichanja ni jambo jema. Hewa hupita juu na chini, samaki hukauka upesi na hawaingiwi na mchanga, na kuku na mbwa hawawafikii. Ila kunguru amefuata samaki hadi uani, na uani amekuta vitu ambavyo ufukoni havikuwapo: makombo ya ugali, matumbo ya samaki yaliyotupwa kando ya jiko, na watoto wanaomrushia kipande ili wacheke akikidaka hewani. Mama anayefukuza kunguru asubuhi juu ya kichanja na kumlisha jioni kando ya jiko anafundisha masomo mawili yanayopingana, na kunguru, kwa kuwa ana akili, atalishika lile lenye faida kwake.

Kwa hiyo nawausia vijana wa kwetu, na wengine wote wanaoishi karibu na viumbe hawa, adabu chache za ulinzi ambazo nimezipokea na kuziona zikifaa. Fukia au choma makombo kabla hujafikiria mtego, kwa maana mwizi asiye na sababu ya kuja ni rahisi kuzuia kuliko aliyekwisha kuzoea. Anika chakula kwa kiasi ambacho jicho lako na mkono wako vinaweza kukilinda, usitandaze tamaa yako kupita uwezo wako. Usiweke kitisho ambacho hutakithibitisha, na kila ulichokiweka kibadili kabla hakijazoeleka. Usimlishe mnyama wa mwituni kwa mzaha wala kwa huruma isiyofikiri, kwani mwisho wa mnyama aliyezoea mkono wa mtu aghalabu ni mshale wa mtu mwingine. Na usilinde peke yako kile ambacho jirani yako naye anakilinda. Unganeni, mgawane saa na hasara, maana nyani huufahamu upesi mpaka ambapo ushirikiano wa majirani umekoma.

Juu ya hayo, ondoa chuki moyoni. Kunguru hakutenda uovu alipomtazama mlinzi mvivu akamfahamu, wala nyani hakuvunja ahadi yoyote aliposhuka katika shamba lisilo na mtu; wamejaliwa akili ili watafute riziki, nao wanaitumia kama walivyojaliwa. Sisi tumejaliwa nyingi zaidi, na pamoja nayo tumepewa amana ya kujua matokeo ya matendo yetu kabla hayajafika. Mahali ambapo mnyama ametushinda, tukichunguza kwa haki, tutakuta mara nyingi kwamba sisi wenyewe tulimfundisha, kwa uvivu, kwa ulafi au kwa kukosa umoja. Kijiji kitakachoiheshimu kazi ya mlinzi, kikampa mzee aliye kigodani sehemu yake ya mavuno bila kumfanya aombe, na kumpa mtoto daftari badala ya debe la kugonga, kitakula chakula chake chenyewe, na kitawaacha kunguru na nyani watafute chao ziwani na mlimani, walikowekewa tangu awali.